Kondoo Wasio na Bandari

Mwezi wa Februari mwaka 2024 wenyeji wa Cape Town, mji mkubwa wa Afrika ya Kusini, waliamka wakakuta uvundo mkali umeenea barabarani, madukani na hata vyumbani mwao. Wakuu wa mji walituma watu kukagua mifereji ya maji machafu, wakidhani kwamba bomba fulani limepasuka. Mifereji ilikuwa mizima. Uvundo ulitoka bandarini. Huko ilikuwa imetia nanga merikebu iitwayo Al Kuwait, yenye ng'ombe 19,000 walio hai, waliotoka Brazili kwenda Iraki. Iliingia Cape Town ili kupakia chakula cha wanyama. Ng'ombe hao walikuwa wamekwisha kaa baharini zaidi ya wiki mbili, wakisimama na kulala juu ya mavi yao wenyewe. Watu wa chama cha taifa cha kuwalinda wanyama walipanda merikebuni wakakuta wengine wamekufa, wengine ni wagonjwa au wana majeraha, na wasio na tumaini la kupona wakauawa ili wasizidi kuteseka. Kisha merikebu iling'oa nanga ikaenda zake.

Ndugu wasomaji, uvundo ule ulipita baada ya siku chache, lakini swali halikupita. Ng'ombe walitoka Brazili, mwisho wa safari ni Iraki, bandari ni ya Afrika ya Kusini, na bahari kuu si ya mtu. Je, mnyama aliye katikati ya safari ya namna hiyo yu chini ya sheria ya nani? Sheria zipo, tena ni nyingi kuliko mtu anavyodhani. Tunalotaka kulitazama leo ni hili: mkono wa sheria hizo wafika mpaka wapi.

Mtu atauliza kwanza: Kwa nini wasichinje wanyama kwao, wakapeleka nyama katika barafu? Ni swali la haki. Wanyama wengine hununuliwa ili wazae na kukamuliwa maziwa. Hao ni lazima wafike hai. Wengine ni wa kuchinjwa, lakini watu wengi wa nchi za Uarabuni hupenda nyama ya mnyama aliyechinjwa karibu nao kadiri ya dini yao, na wakati wa siku kuu ya kuchinja kila jamaa yenye uwezo hutaka mnyama wake. Nchi zile zina jua na mchanga kuliko majani. Ndiyo sababu tangu zamani mbuzi na kondoo wa Wasomali huvushwa kutoka Berbera hadi ng'ambo ya Uarabuni. Safari hiyo ni fupi. Lakini kutoka Australia ni wiki mbili au tatu, na katika safari ya mbali matatizo huwa ya namna nyingine kabisa.

Karibu siku 80 baharini

Mwanzo wa Agosti 2003 merikebu Cormo Express iliondoka Fremantle, bandari ya magharibi ya Australia, ikiwa na kondoo 57,937. Twaiandika hesabu hiyo kamili, kwa kuwa kila mmoja alihesabiwa alipopanda. Baada ya wiki mbili na zaidi kidogo ikafika Jidda, katika Saudi Arabia. Waganga wa wanyama wa huko wakatazama midomo ya kondoo, wakatoa hukumu: kondoo 6 katika kila 100 wana ugonjwa wa magamba midomoni, na mapatano yetu hayaruhusu zaidi ya 5. Waaustralia wakabisha, wakisema kwamba hesabu ya kweli haifiki hata 1 katika 100. Ugonjwa huo wafugaji wengi wanaujua. Huleta vidonda na magamba kandokando ya mdomo, huweza kumwambukiza mchungaji mikononi, lakini mara nyingi hupona wenyewe bila kuua. Hata hivyo, lango lilifungwa.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kadiri ya mapatano ya biashara, kondoo walikuwa tayari mali ya mnunuzi, naye hakuruhusiwa kuwashusha. Warudi Australia? Wafugaji wa huko waliogopa wasije wakaleta magonjwa ya nje katika makundi yao. Wauzwe kwingine? Nani atakubali wanyama ambao jirani amewakataa kwa kusema ni wagonjwa? Serikali ya Australia ilipiga hodi katika makumi ya nchi, hata ikawa tayari kuwatoa bure, na kila mahali ikajibiwa kwa udhuru. Merikebu ikazunguka katika bahari zile za joto, ikiongeza chakula hapa na pale, bila kujua iendako. Mwishowe serikali ikawanunua kondoo wale kutoka kwa mnunuzi, ili kwa uchache pawepo mmoja mwenye haki ya kuamua juu yao.

Mwezi wa Oktoba nchi ya Eritrea ikakubali. Nchi hiyo ilikuwa imetoka vitani miaka michache tu nyuma, tena ilikuwa na ukame. Kondoo walishushwa Massawa, pamoja na tani 3,000 za chakula chao na dola milioni 1 za Australia kwa gharama za matunzo. Tangu kuondoka Fremantle zilikuwa zimepita karibu siku 80. Waliokufa njiani walizidi 5,000, ndiyo kusema karibu 1 katika kila 10. Wengine walisema kwamba Waeritrea waliwapokea kwa ajili ya dola. Na iwe hivyo. Bandari nyingine zote zilibaki zimefungwa.

Kondoo hufaje merikebuni? Sisi watu wa bara twadhani labda ni mawimbi. Sivyo. Waganga wa wanyama wa Australia, waliochunguza jambo hili miaka mingi, walionyesha kwamba wengi hufa kwa kukataa chakula. Kondoo aliyezoea majani ya malishoni, ghafula atiwa zizini pamoja na asiowajua, apewa chakula kilichosagwa na kushindiliwa vipande vidogo mfano wa punje. Wengi hujifunza kukila baada ya siku mbili tatu. Wengine hawakigusi kabisa. Hukonda, tumbo huingiwa na vijidudu vya kuharisha, nao hufa njaa mbele ya kihori kilichojaa. Ndiyo maana sheria za Australia zadai kwamba kondoo wakae kwanza siku kadhaa katika mazizi ya nchi kavu karibu na bandari, wakizoezwa chakula hicho, na anayekikataa asipandishwe.

Mwuaji wa pili ni joto. Merikebu ya mifugo hujengwa kama nyumba ya ghorofa nyingi, moja juu ya nyingine, na katika zile zilizofungwa hewa huletwa kwa mashini. Watu wengine hudhani kwamba mashini hizo hupoza hewa. La, huvuta tu ile ya nje na kuisukuma ndani. Kondoo, mwenye sufu yake, hujipoza kwa kuhema. Hewa ikiwa ya moto na tena imejaa unyevu, kama ilivyo katika Ghuba ya Uajemi mwezi wa Agosti, aweza kuhema usiku kucha asipoe. Mwezi wa Agosti 2017 kondoo wapatao 2,400 walikufa hivyo katika merikebu Awassi Express. Kijana mmoja aliyekuwa akijifunza kazi ya uofisa wa merikebu aliwapiga picha kwa simu yake, na mwezi wa Aprili 2018 picha hizo zikaonyeshwa katika televisheni ya Australia. Yaliyokuwa yameandikwa katika ripoti miaka mingi bila kumshtua mtu, sasa yalionekana kwa macho. Sheria ikabadilika upesi. Zamani safari ya kondoo haikufanyiwa uchunguzi wa lazima ila wafu wakifika 2 katika 100. Tangu hapo ikawa 1 katika 100. Na katika miezi ya joto kali, kuanzia Juni, ikakatazwa kuwapeleka kondoo upande ule.

Lakini turudi Massawa, kwa maana hapo palizaliwa kanuni mbili za maana kuliko nyingine. Australia ilitaka kila nchi ya Uarabuni inayonunua mifugo yake itie sahihi mapatano: merikebu ikifika, wanyama washushwe katika muda wa saa 36, wawe wazima au wawe wagonjwa, wawekwe katika zizi la peke yao, ndipo wakubwa wabishane. Saudi Arabia yenyewe ilitia sahihi mwaka 2005. Mwaka huo huo shirika la ulimwengu la afya ya wanyama, lililoanzishwa Paris mwaka 1924, likapokea kanuni za kuwasafirisha wanyama kwa bahari, kwa nchi kavu na kwa ndege. Humo mna sura fupi juu ya shehena inayokataliwa. Yasema kwamba hali ya wanyama ndiyo itazamwe kwanza, na kwamba nchi inayowakataa itafute mahali pa kuwashusha na kuwatenga mpaka shauri limalizike. Msomaji aonaye maneno hayo bila kujua habari ya Cormo Express atayapita haraka, akidhani ni maneno ya karani.

Hesabu ya saa

Watu wa Ulaya nao wana sheria yao, inayotumika katika nchi zote za Umoja wa Ulaya tangu Januari 2007. Sisi walimu twaipenda kwa sababu yafaa kwa somo la hesabu. Ng'ombe, mbuzi na kondoo wazima waweza kusafiri kwa kamyo saa 14, kisha wapumzike kwa uchache saa 1 na kunyweshwa, kisha saa 14 nyingine. Jumla 29. Baada ya hapo ni lazima washushwe, walishwe, wapumzike saa 24 katika kituo kilichokubaliwa, ndipo waendelee. Ndama anayenyonya: 9, kisha 1, kisha 9. Nguruwe 24, mradi apate maji wakati wote. Farasi 24, naye anyweshwe kila saa 8. Haruhusiwi kusafiri mnyama asiyeweza kutembea bila kuumia, wala aliyezaa wiki ile, wala mwenye mimba iliyokwisha timiza sehemu 9 katika 10 za siku zake, wala mtoto ambaye kitovu chake hakijakauka. Dereva awe amejifunza na ana cheti. Safari ndefu iwe na kitabu chake, kinachoandikwa tangu zizini mpaka mwisho.

Tena jambo la ajabu kidogo: saa hizi za barabara hazihesabiwi vile vile ndani ya merikebu ya mifugo iliyotengenezwa kadiri ya sheria. Hapo saa yasimama, na safari yaweza kwenda siku hata siku. Twaona kwamba hapa ndipo penye tundu kubwa la sheria hiyo.

Tundu la pili lilikuwa mpaka. Je, kamyo ikiisha toka katika ardhi ya Umoja wa Ulaya, dereva asahau hesabu yote? Shauri hili lilifika mahakamani kwa ajili ya ng'ombe 62. Mwaka 2012 mfanyabiashara mmoja wa Ujerumani alitaka kuwapeleka kutoka Kempten, mji wa kusini mwa Ujerumani, hadi Andijan katika Uzbekistan, mwendo wa kilometa 7,000 hivi. Wakuu wa Kempten walisoma mpango wa safari wakaona kwamba, nje ya Ulaya, saa za kuwapumzisha na kuwanywesha hazikufuatwa. Wakakataa kutoa ruhusa. Mfanyabiashara akashtaki. Tarehe 23 Aprili 2015 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, iliyoko Luxembourg, ikaamua: safari ikianza katika Umoja wa Ulaya, sheria yamfuata mnyama mpaka mwisho wa safari yake, hata akiwa nchi za mbali.

Uamuzi huo twausifu. Wamweka kila mkubwa atiaye sahihi katika hali ya baba wa harusi, asiyeweza kusema kwamba kazi yake imekwisha bibi arusi alipotoka mlangoni. Lakini kuamua ni jambo moja, na kuona kwa macho kilometa 7,000 mbali ni jambo lingine. Afisa wa Kempten hana polisi katika Kazakhstan.

Ukweli huo ulionekana mara. Mwezi wa Desemba 2020 merikebu mbili, Karim Allah na Elbeik, ziliondoka Hispania na madume machanga ya ng'ombe, 895 katika ile ya kwanza, na zaidi ya 1,700 katika ya pili. Njiani ilisikiwa kwamba katika Hispania umeonekana ugonjwa wa ulimi wa buluu. Uturuki ikakataa kuwapokea. Zikajaribu kwingine, bure. Miezi ikapita. Hatimaye zilirudi Cartagena, Karim Allah mwezi wa Februari 2021 na Elbeik mwezi wa Machi, na waganga wa Kihispania wakaona kwamba madume waliosalia hawafai kusafirishwa tena. Wakauawa hapo bandarini. Kanuni za Paris zilikuwa na umri wa miaka 15. Ni mashauri tu, na hakuna mwenye mamlaka ya kumtoza faini anayezipuuza.

Wenye mifugo na mabaharia

Isidhaniwe kwamba kila mtu aipingaye sheria kali ni mkatili. Mwezi wa Juni 2011, baada ya televisheni kuonyesha namna ng'ombe wa Australia walivyochinjwa vibaya huko Indonesia, waziri wa Australia alikataza ghafula kuwapeleka ng'ombe nchini humo. Amri ilidumu majuma machache tu, lakini wafugaji wa kaskazini, wasio na soko jingine la karibu, walibaki na ng'ombe wasiouzika na madeni ya benki. Walishtaki, na mwaka 2020 mahakama ikasema kwamba amri ile haikuwa halali. Kilichobaki mahali pake ni utaratibu bora zaidi: mwuzaji hana budi kuonyesha kwamba amjua mpokeaji, na kwamba ng'ombe wake atatunzwa kadiri ya kanuni mpaka saa ya kuchinjwa. Huo nao ni mkono wa sheria uliorefushwa.

Nchi nyingine zimechoka kurefusha mkono, zikafunga mlango. New Zealand ilikomesha kusafirisha mifugo hai kwa bahari mwezi wa Aprili 2023. Uingereza ilipitisha sheria mwaka 2024 ya kukataza wanyama wasitoke katika kisiwa kile kwenda kuchinjwa au kunoneshwa ng'ambo. Australia nayo, mwaka huo huo, iliweka katika sheria kwamba kondoo hawatasafirishwa tena kwa bahari tangu tarehe 1 Mei 2028. Ng'ombe hawamo katika sheria hiyo.

Habari ya New Zealand yafaa kuongezwa neno. Tarehe 2 Septemba 2020 merikebu Gulf Livestock 1, iliyokuwa ikitoka Napier kwenda China, ilizama katika Bahari ya China ya Mashariki wakati wa tufani. Ilikuwa na ng'ombe 5,867. Ilikuwa pia na watu 43, wengi wao Wafilipino, baba za jamaa waliokwenda kutafuta ada za shule za watoto wao. Walipona 2. Watu husema sana juu ya ng'ombe wale, na sisi twaona ni vizuri kuwahesabu mabaharia nao. Merikebu nyingi za mifugo ni kuukuu, zilijengwa kwa kazi nyingine, kisha zikageuzwa kuwa mazizi. Kilicho cha hatari kwa mnyama aliyefungwa chini, mara nyingi ni cha hatari kwa mtu anayemlisha.

Na kwetu?

Congo ni mwanachama wa shirika lile la Paris. Kwa hiyo kanuni za mwaka 2005 hazikuandikwa kwa ajili ya merikebu za Australia peke yake. Zamhusu na mbuzi avushwaye ziwa katika boti ya mbao, miguu minne imefungwa pamoja, kichwa chini, magunia ya mihogo juu yake. Zamhusu ng'ombe apitaye mpaka katika kamyo, amesimama siku nzima juani wakati karatasi zinatafutwa. Hakuna atakayetuletea hapa vituo vya mapumziko vya Ulaya, wala hatuvidai. Lakini mambo mengine katika kanuni zile hayagharimu pesa nyingi: mbuzi jike aliye karibu kuzaa aachwe nyumbani, mgonjwa asipakiwe, wenye pembe kali wasichanganywe na wadogo, sakafu ya kamyo itandazwe majani makavu au mchanga ili miguu isiteleze, anayesimama asifungwe miguu. Akina mama wauzao kuku katika matenga wajua jambo hilo pasipo sheria, kwani kuku aliyekufa njiani hapati mnunuzi.

Shida iko katika ndoo ya maji. Mwuzaji wa ng'ambo hii husema: Nimekwisha pokea fedha yangu, mnyama ni wako. Mnunuzi wa ng'ambo ile husema: Hajafika bado, sijampokea. Mwenye boti husema: Mimi nalipwa nauli, sikuajiriwa kuchunga. Forodhani wote watatu husimama hatua chache kutoka ziwani, na mbuzi wamelala juani tangu asubuhi, wakiyatazama maji.